Mlinzi wa Kuku Hakai Mpakani

Katika mwezi wa Oktoba mwaka 2017, pale Namanga, mpakani baina ya Tanzania na Kenya, vifaranga 6,400 waliokuwa wamevushwa bila kibali kutoka upande wa Kenya walikamatwa, thamani yao ikakadiriwa kuwa shilingi milioni 12.5 za Tanzania, kisha wakateketezwa kwa moto wangali hai; na sababu waliyotangaziwa watu ilikuwa ni hofu ya mafua makali ya ndege. Wako waliouona moto ule kuwa ni ukatili, na wako waliouona kuwa ni sheria imetimizwa, na mabishano yao yalijaa magazetini kwa siku nyingi. Mimi sikusudii kuujadili kwa mizani ya huruma wala ya sheria. Nimeutaja kwa kuwa ulikuwa sura kamili ya itikadi moja ambayo viongozi na raia, wasomi na wasiosoma, wameafikiana juu yake pasipo kuipima: ya kwamba maradhi haya ni mgeni, ya kwamba mgeni huyo huingia kwa mlango, na ya kwamba afungaye mlango na kuchoma kilichopenya amekwisha kujikinga.

Rai hiyo ni tamu masikioni, kwani humwondolea kila mtu lawama ila yule aliye ng'ambo: mfugaji huambiwa kuwa adui yu mbali, afisa hupata kazi inayoonekana na kupigwa picha, na raia hulala usingizi akiamini kuwa ukuta umesimama. Walakini utamu wa rai haujapata kuwa ushahidi wa ukweli wake, na katika jambo hili naona kuwa rai hiyo ni batili katika asili yake na ya hatari katika matokeo yake, kwa sababu hutuelekeza tukodoe macho pale maradhi yanapoweza kupita au yasipite, ilhali tumeyafumba pale ambapo, yakija, hayana budi kupita.

Tuanze na mlango wenyewe. Vifaranga wale walitoka katika nchi ambayo hata siku ile ilikuwa haijapata kuthibitisha tukio hata moja la mafua makali katika kuku wake. Nchi ya Afrika Mashariki iliyokuwa imeyapata mwaka ule ni Uganda. Nayo Uganda iliyapataje? Mnamo Januari 2017, katika ghuba ya Lutembe karibu na Entebbe, ndege wa majini walionekana wamekufa kandokando ya Ziwa Victoria, na wengi wao walikuwa buabua wenye mabawa meupe, ndege wembamba wanaozaliana katika vinamasi vya mashariki ya Ulaya na vya Asia, kisha, baridi ikikaza huko kwao, huja kwetu kwa malaki na kushinda mchana kutwa wakidaka wadudu juu ya maji. Baadaye wakapatikana mabata na kuku wa nyumbani walioambukizwa upande wa Masaka. Vipimo vikaonyesha virusi vya namna ya H5N8; majirani wakapiga marufuku kuku wa Uganda; na haikupita nusu ya mwaka kabla virusi vya namna hiyo hiyo havijaonekana Ituri, katika Kongo, kwenye vijiji vya Ziwa Albert. Sijasikia kuwa yupo buabua aliyesimama dirishani pa forodha akaulizwa hati zake.

Sisemi kuwa biashara ya kuku wa magendo haina hatari. Kifaranga husafiri ndani ya sanduku, sanduku hupakiwa garini, gari hukanyaga mavi ya shamba lilikotoka, na unajisi hauhitaji zaidi ya hapo. Aliye na kibali aonyeshe, na asiye nacho arudishwe au ashitakiwe. Ninachokataa ni ile hesabu ya kitoto inayosema kuwa tukisha kuchoma sanduku tumemaliza, kana kwamba mpaka wa nchi yetu ni Namanga tu, na kana kwamba ziwa na bahari na anga juu yetu si mipaka.

Nikifika hapa, mwenye rai ile hurukia tawi la pili. Husema: kumbe basi ndege wa mwituni ndio wabaya, na wafukuzwe, wapigwe, ikatwe miti wanayolala. Nimeyasikia maneno haya yakisemwa na watu wenye heshima zao, na kila niyasikiapo huwaza jinsi binadamu alivyo mwepesi wa kumhukumu aliyekufa kwa kosa la aliyemwua. Virusi vya H5N1 vilivyozagaa duniani havikupatikana kwanza kwa korongo wa porini. Vilipatikana mwaka 1996 katika mabata bukini wa kufugwa mkoani Guangdong, China, na mwaka wa pili yake vikaingia katika masoko ya kuku ya Hong Kong, vikawapata watu 18 na kuwaua 6, hata serikali ikaamuru kuku wote wa mji ule, zaidi ya milioni moja, wachinjwe katika siku chache. Mwaka 2005 ndipo mabata bukini wa mwituni walipokufa kwa maelfu katika Ziwa Qinghai. Tangu hapo ni kweli kuwa ndege wahamao huvichukua virusi na kuvirusha mbali, na atakayekana hilo atakuwa anakana jambo lililo dhahiri. Lakini mchukuzi huyo alitwishwa mzigo na mabanda yetu. Wala kufa kwa buabua si jambo la jana: mwaka 1961 buabua zaidi ya elfu moja walikufa katika pwani ya Afrika Kusini kwa virusi vya H5N3, nao ndio wanaohesabiwa kuwa ndege wa mwituni wa kwanza kujulikana kufa kwa wingi kwa mafua makali.

Na hata kama tusingejali insafu, tungejali faida. Ndege aliyefukuzwa ziwani hafi kwa kufukuzwa. Huhamia ziwa jingine, na kama amebeba maradhi ameyahamisha pamoja naye. Ndege aliyeachwa atue pale alipozoea kutua, akifa, hufia mahali panapojulikana, machoni pa wavuvi wanaopita pale kila alfajiri. Buabua wa Lutembe, kwa kufa kwao, walitoa habari ambayo hakuna kizuizi cha barabarani kilichoitoa.

Liko na tawi la tatu, nalo hulishikilia zaidi wenye mashamba makubwa: kwamba kiini cha balaa ni kuku wa kienyeji, huyu anayeparura jalalani na kunywa maji dimbwini pamoja na kila ndege apitaye, na kwamba nchi itasalimika siku watakapofungiwa au kufutwa wote. Hoja hii ina nusu ya ukweli, na nusu ya ukweli ndiyo ngumu kuing'oa. Kuku wa kienyeji hukutana na ndege wa porini, hilo halina shaka. Lakini virusi vya H5N1 vilipothibitishwa kwa mara ya kwanza katika bara letu, Februari 2006, vilipatikana katika shamba kubwa la biashara katika jimbo la Kaduna, Nigeria, si katika ua wa bibi kizee. Pennsylvania, mwaka 1983, virusi vilivyokuwa hafifu viligeuka vikali ndani ya mabanda ya kisasa, na ndege wapatao milioni 17 wakauawa kabla ya kuzimika. Na Uholanzi, nchi ambayo hakuna atakayeituhumu kuwa haijui ufugaji, iliangamiza ndege wapatao milioni 30 mwaka 2003, watu 89 wakaambukizwa na daktari mmoja wa mifugo akafa. Banda lenye kuku elfu ishirini wa nasaba moja, waliobanana kifua kwa mgongo, kwa virusi ni kama makuti makavu kwa cheche. Shamba kubwa lina nyenzo za kujilinda, nalo likijilinda hulindika vyema. Lakini lisitupe lawama yote juu ya tembe wa jirani.

Basi kama mlinzi hakai mpakani, wala si bunduki ya kuwafukuzia ndege, wala si amri ya kuwafuta kuku wa kienyeji, anakaa wapi? Naomba msomaji anivumilie nimpeleke mkoani Tanga, uani kwa shangazi yangu, mwisho wa kiangazi cha mwaka mmoja ambao sikumbuki tena hesabu yake, lakini nawakumbuka kuku wake.

Walikuwa 23. Nilipofika jioni, 9 walikuwa wamekwisha kufa, na waliobaki walisimama chini ya mwembe wamefura manyoya, vichwa chini, mbawa zikiburura, kinyesi chao cha kijani kimetapakaa hadi mlangoni pa jiko. Mtetea mmoja alikuwa amepindisha shingo nyuma hata utosi wake ukagusa mgongo, akawa azunguka hapo alipo kama aliyefungwa kwa kamba. Hata kulipopambazuka wamebaki 6. Nikamwuliza shangazi kulikoni. Akanijibu bila kuacha kufagia: "Kideri hicho, baba. Kila mwaka lazima kije kichukue fungu lake." Nikamwuliza kwa nini hakumwita bwana mifugo. Hapo akasimamisha ufagio. "Nimwite aje aseme nini? Akisema ni kideri, kuku wamekufa. Akisema ni jengine, atanichinjia na hawa waliobaki."

Kabla jua halijawa kali alipita mchuuzi wa baiskeli, na matenga mawili nyuma, ndani yake kuku wa nyumba nne au tano za njiani. Shangazi akamwuzia watano kwa nusu ya bei, akabakiza mtetea mmoja wa mbegu. Mchuuzi akawatia tengani juu ya wenzao, akaenda zake kituo cha basi. Na siku ya pili yake, kwa kadiri nijuavyo njia za biashara hii, kuku wale walikuwa katika soko moja la Dar es Salaam, wakipumua hewa moja na kuku waliotoka Singida na Dodoma.

Nimeyazingatia maneno yale ya shangazi kwa miaka mingi, na sijapata katika vitabu vya wataalamu maelezo yaliyo mafupi na makamilifu kuliko hayo ya sababu inayotufanya tusiyajue mafua makali hata siku yatakapokuwa yamekaa nasi. Jawabu lake lina sehemu mbili. Ya kwanza ni hii: katika nchi ambayo kideri, wengine huita mdondo, hufyeka kuku wa vijiji vizima mwaka baada ya mwaka, kifo cha kuku 17 katika ua mmoja si habari. Tumeambiwa tutoe taarifa tuonapo kuku wengi wakifa ghafla. Amri nzuri, ila aliyeiandika ameisahau kalenda ya kijijini. Kuku wengi hufa ghafla kila kiangazi. Dalili za maradhi haya mawili hufanana hata mganga bingwa hawezi kuzitenga kwa macho: kupumua kwa taabu, kuharisha, kufa kwa wingi kwa siku mbili tatu, na ingawa mafua makali aghalabu huvimbisha kichwa na kuugeuza undu wa jogoo rangi ya zambarau, kuku mwingine hufa kabla hajaonyesha lolote. Ni maabara tu itakayohukumu. Na maabara haiwezi kuhukumu kesi ambayo haikufikishwa mbele yake, kwa kuwa mwenye kuku amekwisha kuihukumu mwenyewe kwa jina la kideri na kuzika maiti.

Kwa hiyo nadai jambo ambalo huenda likawachekesha wenye mipango mikubwa: ya kwamba ulinzi wa kwanza dhidi ya mafua makali ya ndege katika nchi zetu ni chanjo ya kideri. Si kwamba chanjo hiyo huzuia mafua; haizuii hata kidogo, na mtu asinisingizie. Huondoa moshi ili moto uonekane. Kijiji kilichochanjwa, kuku wake hawafi ovyo. Na mahali ambapo kuku hawafi ovyo, wakifa kumi kwa usiku mmoja, mwenye kuku hushituka, jirani huuliza, na mtoto hutumwa mbio. Dawa yenyewe si ya kutafutwa mbali. Iko chanjo itokanayo na mbegu ya I-2, iliyoteuliwa katika University of Queensland, Australia, kwa kustahimili joto, na hapa Tanzania hutengenezwa na kuitwa TEMEVAC. Hutiwa tone moja katika jicho moja la kuku, na hurudiwa kila baada ya miezi michache. Haihitaji sindano wala daktari. Mama aliyefundishwa asubuhi aweza kuchanja kuku wa mtaa mzima kabla ya adhuhuri, kazi ngumu ikiwa ni kuwakamata tu, na hiyo hufanywa alfajiri kabla hawajafunguliwa.

Sehemu ya pili ya jawabu lake ni chungu zaidi: "atanichinjia na hawa waliobaki." Shangazi hakuwa mjinga wala mwasi. Alipiga hesabu, akaona kuwa kusema ni hasara na kunyamaza ni nusu ya bei. Sheria inayompa mtu hasara kwa kusema kweli na faida kwa kuficha, itafichwa kweli mbele yake kila siku, hata ikiandikwa kwa wino wa dhahabu. Misri ilipopatwa mwaka 2006, kuku waliuawa kwa mamilioni, fidia ikalipwa kwa muda kisha ikasimama, na wafugaji wa mapaa ya nyumba, ambao kuku wale ndio waliokuwa akiba na kitoweo chao, wakawaficha. Taifa likakimbilia chanjo ya mafua yenyewe. Na chanjo hiyo, pasipo uchunguzi ulio macho, humkinga kuku asife huku virusi vikipita chini kwa chini. Kufikia 2008 maradhi yalikubaliwa kuwa yamekita mizizi, na kwa jumla zaidi ya watu 350 wameambukizwa huko.

Thailand nayo haikuanza kwa sifa njema. Mapema mwaka 2004 serikali ilikuwa ikikana kuwa kuna jambo, na baada ya kukiri, waziri mkuu alikula kuku hadharani ili watu watulie, tiba ambayo huwatuliza wauza kuku tu. Lakini Oktoba mwaka huo huo ilifanya kitu kingine: ilituma wajitoleaji wa afya na wakaguzi wa vijijini, kwa malaki, nyumba kwa nyumba, wakiuliza kuku wamekufa wangapi, na wenye kuku waliouawa wakalipwa. Idadi ya matukio ikashuka mno katika miaka iliyofuata. Aliyegonga mlango pale alikuwa jirani aliyejulikana kwa jina, na hilo halinunuliwi kwa magari ya doria.

Wataniambia kuwa fidia ni ghali. Ni ghali. Na walio na hazina watuonyeshe kwanza gharama ya kuku wa taifa zima kuogopwa sokoni: Kenya, katika msimu wa 2005 na 2006, bila ya kuku hata mmoja kuthibitishwa mgonjwa, bei zilianguka na wafugaji wakauza kwa hasara kwa sababu ya uvumi peke yake. Uvumi hustawi pale ambapo watu hawaamini kuwa wataambiwa kweli, na watu huzoea kuambiwa kweli na yule ambaye nao wamezoea kumwambia.

Nitaligusa soko kwa ufupi, ingawa lingestahili makala yake. Hong Kong, mwaka 2001, iliweka siku moja kila mwezi ambayo masoko ya kuku hai yalibaki matupu, yakaoshwa na kukaushwa, ili virusi vikose mwili wa kuhamia. Hilo lataka maji, sabuni, ufagio na makubaliano ya wachuuzi. Anayejua soko la kuku la Shekilango, Dar es Salaam, au lolote la namna yake, ambamo kuku wapya humwagwa juu ya waliolala, ataona kuwa siku hiyo moja ya kuosha, pamoja na kuosha matenga kabla hayajarudi vijijini, ni kinga ambayo moto wa Namanga hauifikii hata robo.

Nao wenye kunijibu kuwa Tanzania haijapata kuyaona maradhi haya, kwa hiyo nazua hofu, nawaomba waniambie jambo moja tu. Wale kuku 17 wa shangazi, ni nani aliyewapima? Hakuna. Naamini kilikuwa kideri; shangazi aliamini; mchuuzi aliamini. Imani yetu sote watatu haikuwa na cheti.

Mwaka uliofuata kijana mmoja wa kijijini alifundishwa kuchanja, akaanza kupita alfajiri na chupa yake mfukoni, na shangazi, baada ya kukataa mara mbili, akakubali mara ya tatu. Kiangazi kikaja kikaenda, na kuku wakabaki. Haukupita muda mrefu wakafa mabata wake wawili, wawili tu, asubuhi moja. Hakuwauza waliosalia wala hakuwazika waliokufa kimya kimya; aliwafunika kwa beseni, akakataza watoto wasiwaguse, akamtuma mjukuu akamwite yule kijana, naye kijana akamwita bwana mifugo. Walichunguzwa. Walikuwa wamekula sumu ya panya.